Nani Anamsikia Nane

Baba yangu aliendesha lori lililoitwa Nane. Hilo ndilo lilikuwa jina lake redioni, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa kwenye redio ya kiwanda, mchana kutwa nilimwita baba yangu Nane na yeye akaniita Besi, yaani makao ya redio. Asubuhi tulitoka nyumbani pamoja, tumekunywa chai ya birika moja, lakini tukishavuka geti la kiwanda hakukuwa tena na baba wala mtoto. Alikuwa mkali kwa jambo hilo. Siku moja nilijisahau nikasema hewani, "Baba, umefika wapi?" Kisha akajibu kama mtu ambaye hajawahi kuniona: "Besi, hapa ni Nane. Baba hayuko kwa hii redio. Ova." Madereva walichekea maneno hayo wiki nzima.

Kilikuwa kiwanda cha majani chai, mojawapo ya vile vilivyo kati ya Bomet na Kericho, na waliokilisha walikuwa wakulima wadogo kama sisi. Mama alikuwa na shamba lake nyuma ya nyumba. Siku za kuchuma alibeba majani hadi kituoni pamoja na wanawake wengine, wakangoja lori. Ilikuwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani hadi watu wakaacha kuniuliza nitafanya nini. Afisa wa usafiri aliponiita alisema anataka mtu mwenye masikio mazuri na asiyechoka kukaa. Nilidhani ni kazi ya kupokea simu.

Simu ilikuwepo, lakini mvua ikianza ilikufa, na kwetu mvua huanza karibu kila siku baada ya chakula cha mchana. Kazi yenyewe ilikuwa redio koli. Kila lori lililokwenda kukusanya majani vituoni lilikuwa na redio yake ndani ya kebini, yenye maiki ya kubonyeza, na mimi nilikuwa na ile kubwa ofisini. Kituo kikifurika majani, niliambiwa, nikatafuta lori lenye nafasi. Lori likikwama kwenye tope, niliambiwa, nikatuma trekta ya kuvuta. Majani hayangoji. Yakikaa kwenye gunia jua zima yanapata joto, yanageuka mekundu, na kiwanda hakiyataki tena.

Shida ni kwamba kiwanda kilikuwa kimejengwa bondeni karibu na mto, na pande zote kulikuwa na milima. Sauti ya redio haipindi kona. Ikikutana na mlima inaishia hapo. Kwa hiyo juu ya kilima kirefu kuliko vyote kulikuwa na mlingoti, na chini yake sanduku la chuma lenye mtambo uliopokea sauti kutoka upande mmoja na kuirusha upande wa pili. Kupitia sanduku hilo nilimsikia dereva aliye karibu na msitu wa Mau kama aliyesimama mlangoni.

Halafu radi ikapiga mlingoti. Fundi alipanda, akafungua sanduku, akashuka na harufu ya kuungua kwenye koti lake. Alisema kuna kifaa kitaletwa kutoka Nairobi. Tulingoja kitaletwa, kitaletwa, hadi neno lenyewe likawa mzaha.

Madereva hawakukaa bure. Baba na wazee wenzake waligundua kwamba hata bila sanduku, lori lililo mgongoni mwa mlima linasikia pande zote mbili. Basi likawa linasaidia. Aliye ng'ambo alisema neno lake, wa mlimani akalirudia, mimi nikalisikia. Wakati mwingine lilipita kwa watu wawili, hata watatu, kabla ya kunifikia. Hakuna aliyekuwa mkubwa wa kazi hiyo. Kila lori lilikuwa sikio la mwenzake kwa muda ule lilipokuwa limesimama pazuri.

Lakini malori hayasimami. Njia niliyokuwa nayo saa hii ilikatika mara tu dereva wa katikati alipoteremka upande wa pili kwenda kituo kingine. Hapo nililazimika kutafuta njia mpya. Niliuliza hewani, "Nani anamsikia Nane?" Aliyenisikia, kama yeye hamsikii, aliuliza kwa walio mbele yake, "Besi anauliza, nani anamsikia Nane?" Nao wakauliza mbele. Baada ya muda jibu likarudi kwa njia ile ile swali lililopitia: Tano anamsikia Nane, Saba anamsikia Tano, mimi namsikia Saba. Hiyo ndiyo ikawa barabara yetu, mpaka mmoja wao asogee.

Nilijifunza nchi ile kwa masikio. Nilijua lori likifika kwenye shule ya juu linasikika hadi Mogogosiek, na likipita mikaratusi linapotea. Nilimjua kila mtu kwa pumzi yake. Tano alikuwa mzee rafiki ya baba, ambaye midomoni mwake besi ilikuwa "pesi" na bado ikawa "pado", na nilipenda kumsikia. Tatu alikuwa dereva mgeni kutoka upande wa Kisii, ameajiriwa juzi tu, mtu wa maneno machache na adabu nyingi. Aliniita madam.

Niliweka pia utaratibu. Ugonjwa na ajali kwanza, halafu lori lililokwama, halafu majani, halafu salamu. Salamu ndizo zilizonisumbua. Madereva wale waliulizana habari za ng'ombe, harusi na mpira, na mtu mmoja akibonyeza maiki yake, wengine wote wamefungwa midomo. Wawili wakibonyeza pamoja, unachosikia ni mkwaruzo tu.

Kisha akaja mtu wa uongo.

Hatukujua ni nani. Redio moja ilikuwa imepotea kutoka gereji, na baada ya hapo sauti ikaanza kuingia hewani. "Besi amesema Saba arudi kiwandani, kituo hakina majani." Saba akageuza, kumbe kituoni wanawake wamekaa juu ya magunia tangu saa nne. Siku nyingine ikasema ni Tisa, ikasema daraja limevunjika. Wengine walisema ni watu wanaotaka wakulima wachoke wawauzie majani kando. Wengine walisema ni mlevi tu anayejifurahisha. Siku moja majani ya mama mwenyewe yalioza kituoni kwa ajili ya sauti hiyo. Alirudi nyumbani akayamwaga chini ya migomba, na baba hakumaliza chakula chake.

Afisa wa usafiri alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi, ambaye hakupenda kupiga kelele. Aliwaita madereva wote na kuwaambia kuanzia sasa kutakuwa na neno la siku. Kila asubuhi atalinong'ona kwa kila dereva getini, na mtu akizungumza hewani lazima aanze nalo. Asiye na neno hajibiwi, na maneno yake hayapitishwi.

Mmoja akauliza, "Na kama umesahau?"

Baba akasimama. Namwona bado, na kofia yake ya sufi mkononi. "Ukisahau, shauri yako," akasema. "Mtu akikosa neno, hata kama sauti ni yangu mimi, mwache. Tumechoka kuchezewa na mtu hatumjui."

Wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Na ilifanya kazi kweli. Yule mtu aliita, akaita, hakuna aliyemjibu, na baada ya siku chache akanyamaza.

Siku ninayoikumbuka ilianza na jua. Mvua ilikuja mapema, nzito, yenye mawe, ikapiga mabati ya ofisi hadi nikafunika masikio kwa vikombe vya kusikilizia redio na kuyakandamiza kwa viganja. Baba alikuwa upande wa Kimulot, karibu na msitu, kwenye vituo vya mwisho kabisa. Mara ya mwisho kumsikia, kupitia kwa Tano, alisema amejaza na anaanza kurudi. Nilimwambia apite polepole. "Nane anajua barabara," akajibu, na Tano akalirudia jibu hilo kwa lafudhi yake, huku akicheka.

Mvua ilipopungua kidogo nikasikia Tatu. Alianza na neno la siku, vizuri, kama alivyofundishwa.

"Madam, kuna mtu ananiita hapa. Hana neno."

"Anasema yeye ni nani?"

"Anasema ni Nane. Lakini si sauti ya mzee. Huyu anavuta pumzi vibaya. Nadhani ni yule mwizi amerudi."

Nilisimama, nikasahau kwamba waya wa vikombe vya masikioni ni mfupi, ukanirudisha kitini. "Anasema nini? Niambie vile amesema."

"Anasema, mwambie mtoto wangu nimeanguka. Nikamwuliza, neno ni gani? Hajibu. Anarudia tu, mwambie mtoto wangu. Mtoto gani sasa, madam? Ni uongo mtupu. Nimemwacha."

Alikuwa mgeni. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Wengine wote kiwandani walijua sisi ni nani, hata wale wa kufagia, lakini hewani sisi tulikuwa Nane na Besi kama baba alivyotaka, na Tatu alikuwa ametujua hewani tu.

"Mtoto ni mimi," nikamwambia. "Tatu, mtoto wake ni mimi. Mwulize yuko wapi. Achana na neno, mwulize yuko wapi."

Hakujibu. Nikaita tena. Niliita kwa sauti ya kazi kwanza, halafu kwa sauti yangu. Baadaye nilikuja kujua kwamba wakati ule ule niliposema "mtoto ni mimi", Tatu alikuwa ameshaachilia breki na kuanza kuteremka upande wa pili kwa sababu barabara ilikuwa inageuka uji chini ya magurudumu yake. Mlima ukaingia kati yetu. Hakunisikia. Na Nane, aliyekuwa anasikika na Tatu peke yake, hakusikika tena na mtu yeyote.

Afisa alikuwa ameingia, akasimama nyuma yangu, koti linatiririka maji. "Ni nini?" akauliza.

"Nane ameanguka. Sijui wapi."

Hakuniuliza kama nina hakika. Aliweka mkono juu ya kiti changu, akauacha hapo.

Nikaita malori yote. "Nani anamsikia Nane? Nane ameanguka. Nani anamsikia Nane?"

Wote walijibu. Nadhani hapakuwa na dereva aliyenyamaza. Kila mmoja alibonyeza maiki yake kwa wakati mmoja na wenzake, kwa sababu kila mmoja alimpenda mzee yule, na kilichonifikia kilikuwa mkwaruzo kama wa mabati yanayoburutwa. Nikawaambia wanyamaze, wanijibu mmoja mmoja. Walionisikia walinyamaza. Wale wa mbali, waliopata habari kwa kurudiwa, hawakusikia sehemu ya kunyamaza. Walisikia tu kwamba Nane ameanguka, wakaendelea kuuliza wapi, wapi, wapi, wakifunika jibu lenyewe kama lilikuwepo.

Sijui ilichukua muda gani. Hatimaye Saba akapita wazi.

"Besi, Tano amemsikia. Tano amepanda hadi juu. Anasema Nane ameanguka kwa kona ya kanisa. Kanisa la barabara kuu, pale Kimulot."

Afisa alikuwa tayari mlangoni akimwita mtu wa trekta. Nikasikia injini ikinguruma, nikaiona ikipita dirishani na wanaume wamening'inia nyuma, na minyororo, na kitanda cha kukunja cha mlinzi kilichochukuliwa mbio ili kiwe machela. Nikashukuru. Nilisema "Asante Mungu" kwa sauti.

Baba alikuwa amesema, "Kona ya kanisa." Ni hayo tu. Tano alimsikia hivyo na akalitoa neno hivyo. Saba, ambaye alijua kanisa moja tu upande huo, aliongeza barabara kuu ili kutusaidia, tusihangaike kutafuta. Baba alikuwa kwenye kanisa la mabati la chini, kule njia inapoacha mashamba na kuanza kuufuata msitu, ambako lori lilikuwa limeteleza likatoka barabarani, likabingirika juu ya majani chai ya mtu, likalala ubavu. Usukani ulikuwa umembana kiunoni. Waya wa spika ulikuwa umekatika, kwa hiyo hakusikia chochote, na antena ilikuwa imevunjika karibu na shina, kwa hiyo hata alichosema kilifika jirani tu. Yeye hakuyajua hayo. Aliona taa nyekundu ya maiki inawaka, akaamini anasikika.

Trekta ilifika kwenye kanisa la barabara kuu, haikukuta kitu. Wale watu walizunguka, wakaita, wakadhani labda kuna mtu ameshamtoa, wakakaa kungoja habari. Walikuwa na redio ndogo ya mkononi, lakini walikuwa nyuma ya mlima.

Nikamwita Tano. Tano alikuwa bado juu, akasema sasa hamsikii tena Nane, mvua imezidi kule. Nikamwomba asisogee. "Pesi, siwezi kukaa," akaniambia, na nilisikia kwamba anataka kulia. "Barabara inaondoka chini yangu. Nikikaa hapa tutakuwa wawili." Nikamwambia ashuke. Ningemwambia nini kingine?

Mmoja baada ya mwingine walianza kurudi. Walikuwa wamejaza majani, na barabara zilikuwa zinafungwa, na hakuna aliyewaambia wakae. Kila lori lililoingia getini lilikuwa sikio moja limeondoka mlimani. Madereva waliteremka, wakaja dirishani kwangu, wakasimama pale kwenye tope wakinitazama, wengine wamevua kofia. Malori yote yaliyoweza kunisaidia yalikuwa yameegeshwa uani, mbele yangu, ndani ya bonde, ambako hayangeweza kumsikia mtu yeyote. Redio yangu ilikuwa safi kabisa. Hakuna mkwaruzo, hakuna salamu. Sijawahi kuisikia ikiwa kimya namna ile mchana.

Afisa akamwambia Tisa arudi mgongoni mwa mlima asimame huko. Tisa hakubishana, akageuza na mzigo wake. Alikwama kabla ya kufika nusu.

Nilitaka kutoka. Nilitaka kupanda mlima kwa miguu. Nilivua vile vikombe na kuinuka, na afisa akasema, "Ukiondoka, nani atakaa hapa? Mimi sijui nani yuko wapi. Ni wewe tu unajua." Hakusema kwa ukali. Ilikuwa kweli, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilichokijua hakikuwa na faida yoyote tena, na bado nisingeweza kukiacha. Nikaketi. Nikaendelea kuita. "Nane, Nane, hapa ni Besi." Halafu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akisikiliza isipokuwa watu walio dirishani, nikasema, "Baba, hapa ni mimi."

Aliyekuja kunipa habari alikuwa mama. Alitokea getini na gumbuti zake za shambani, kanga imemganda kichwani, na madereva wakampisha. Sikuweza kumtazama usoni. Nilitazama mikono yake kujua kama ni habari ya kifo, sijui kwa nini mikono. Alikuwa ameshika viatu vya baba, vyote viwili.

"Yuko hospitali," akasema. "Yuko hai. Acha kuita."

Wachumaji wa shamba lile walikuwa wameona lori likianguka. Waliliona kwa macho yao tangu mwanzo, wakiwa wamejikinga mvua kwenye ukumbi wa kanisa. Walikwenda mbio, wakavunja mlango wa kebini kwa jembe na mtaimbo, wakamtoa, wakamlaza juu ya ngazi waliyoiazima kanisani, wakambeba kwa zamu hadi barabara ya lami, ambako mwenye pikapu ya maziwa aliwapakia. Mwanamke mmoja kati yao alimfahamu, akamtuma mtu kwetu kwa miguu, akiwa na viatu vya baba. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba kuna redio. Wakati sisi tunatafuta nani anamsikia Nane, Nane alikuwa ameshaondolewa pale, na mimi nilikuwa naiita kebini tupu.

Lakini si muda wote. Hilo nililijua hospitalini.

Ilikuwa hospitali ya wamisheni, wodi ndefu yenye madirisha makubwa. Baba alikuwa amefungwa kuanzia kiuno kwenda chini, na uso wake ulikuwa mdogo. Kabla sijamsalimu, alinitazama akasema, "Ulinisikia?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, si hilo. Nikasema nilisikia kwamba ameanguka.

"Hayo mengine je? Niliongea sana. Kabla hao watu hawajaweza kufungua mlango. Walikuwa wanapigapiga huko nje, na mimi naongea na wewe."

"Mlima ulikuwa katikati, baba," nikamwambia.

Akafumba macho. "Ah," akasema. "Basi."

Tatu alikuja kumwona. Alileta mkate na sukari, akasimama mwisho wa kitanda na kofia mikononi, hakutaka kukaa. Alisema, "Mzee, nisamehe. Sikujua ni wewe. Nilidhani ni yule mwizi." Baba akamwambia akae. Tatu akakataa. Baba akasema, "Nilikuwa na neno hilo asubuhi. Nililijua vizuri. Halafu lori likageuka na neno likatoka. Nililitafuta, nikatafuta. Ungefanya nini? Ulifanya vile tulikubaliana."

"Ningeuliza jambo lingine," Tatu akasema. "Ningemwuliza jina la ng'ombe wake. Kitu chochote."

"Sasa hata ng'ombe nisingekumbuka," baba akasema, akajaribu kucheka, maumivu yakamzuia. Ndipo Tatu akaketi, akainamisha kichwa, na kijana yule mkubwa akalia mbele ya wodi nzima. Mama alimpa chai. Alipoondoka nilimsindikiza hadi langoni. Aliniambia kwamba alipokuwa akishuka mlima ule, kabla sauti haijapotea kabisa, yule mtu alikuwa akiita jina, la mwanamke, fupi, kama jina la kuitia mtoto nyumbani. Akanitajia. Lilikuwa langu, lile ambalo ni mama na baba tu waliolitumia. "Nikasema, huyu mwizi amejifunza mpaka majina," Tatu akaniambia. Nilimshika mkono, akaenda zake.

Baba hakuendesha tena. Mifupa iliunga, lakini vibaya, na kuanzia hapo alitembea na fimbo mbili, kutoka nyumbani hadi zizini na kurudi, na siku za baridi hata hapo hakufika. Afisa wa usafiri alitutembelea mara nyingi. Alikuwa na haya kama yeye ndiye aliyelisukuma lori. Neno la siku aliliondoa, halafu yule mtu wa uongo akasikika tena, majani yakaoza tena, akalirudisha. Hakujua afanye nini. Alikuja kuniuliza mimi kama kuna njia ya mtu kujulikana ni yeye hata akisahau kila kitu, na nilikaa nikafikiri kwa nia njema kabisa, sikupata.

Kifaa kutoka Nairobi kilifika siku moja bila taarifa, ndani ya boksi lenye majani makavu ya kuzuia kisivunjike. Fundi akapanda, akashuka, akasema tujaribu. Niliyaita malori yote. Kila moja lilinijibu wazi kutoka mahali lilipokuwa, hakuna aliyerudia maneno ya mwenzake, hakuna aliyemhitaji mwenzake. Nane alijibu kwa sauti ya dereva mwingine. Fundi alikuwa ananitazama, anangoja nifurahi. Nikamwambia ni nzuri sana.

Nilikaa kwenye kiti kile kwa muda, kisha nikaomba kuhamishwa, nikapelekwa upande wa kupima majani, ambako unazungumza na mtu aliye mbele yako.

Jambo moja halikuniacha. Nilitaka kujua baba alisema nini wakati ule. Niliwauliza wote, Tano, Saba, hata wachumaji waliomtoa. Wachumaji walisema ni kweli alikuwa anaongea, kwa Kipsigis, lugha yetu ya nyumbani, kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo refu, lakini wao walikuwa wanapiga mlango na mvua ilikuwa inapiga mabati, na hawakushika maneno. Yeye mwenyewe niliogopa kumwuliza. Nilingoja mpaka siku tuliyokuwa peke yetu nyumbani. Alikuwa amekaa nje kwenye kiti, jua la asubuhi miguuni, na mimi nachambua mboga karibu naye.

"Baba," nikasema, "siku ile, kwenye lori. Uliniambia nini?"

Alizisogeza fimbo zake, akazilaza kando ya kiti.

"Mambo ya kawaida," akasema. "Ya hapa nyumbani. Nilidhani unasikia."

"Niambie sasa."

Akaangalia kule chini, kwenye majani ya mama. Akafungua mdomo, akaufunga. Niliona kwamba anajaribu kweli, kwamba hanifichi.

"Sasa hayatoki," akasema. "Siku ile yalitoka yenyewe."

Akaniomba nimsogezee kiti kivulini. Nikaacha mboga, nikamshika chini ya mikono, tukasogea polepole.